Nani Alazwe Kwenye Mashine? Historia Fupi ya Figo Bandia

Sharika zetu za mjini zimekuwa na tangazo ambalo baba zetu katika huduma hawakulijua. Wao walitangaza msiba, harusi, ujenzi na mnada wa mavuno. Sisi tunatangaza hayo yote, na zaidi ya hayo tunamtangaza mshirika anayesafishwa damu. Mzee wa kanisa anasimama baada ya ibada na kueleza kwamba ndugu yetu anahitaji kwenda hospitali mara tatu kwa wiki, kwamba familia imekwisha kuuza kiwanja, na kwamba kikapu kitakuwa mlangoni. Watu wanatoa, na wanatoa kwa moyo. Tatizo la ugonjwa huu ni kwamba wiki ijayo mgonjwa atahitaji tena mara tatu, na wiki itakayofuata vivyo hivyo, wala hakuna siku daktari atakayosema dozi imekwisha. Kikapu cha Jumapili ya kwanza huwa kizito. Cha Jumapili ya kumi tunakijua sote.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa washarika waijue historia ya mashine hii. Mashine yenyewe ni ya ajabu, lakini si kwa ajili hiyo tu. Ndani ya historia yake yupo mchungaji mmoja aliyewekwa kwenye kiti ambacho sisi wachungaji na wazee tunakikalia pia, ingawa kwetu hakina jina.

Tuanze na figo zenyewe. Mtu ana figo mbili, kila moja inatosha kukaa kwenye kiganja, na ndani ya kila moja kuna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku nzima vichujio hivyo hupitisha kama lita 180 za maji ya damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo. Figo zikifa, uchafu unaitwa urea na mwingine mwingi hubaki katika damu. Mtu huvimba, hutapika, akili huchanganyikiwa, na mwisho hulala usingizi asioamka. Kwetu wengi wanafika huko kwa njia mbili za kimya, yaani shinikizo la damu na kisukari.

Wana wa Israeli waliziheshimu figo kuliko sisi. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kuliona hilo kwa urahisi, maana watafsiri wetu, kwa sababu nzuri tu, waliandika "mtima" au "viuno" mahali ambapo Kiebrania kinasema figo. Ndivyo ilivyo katika Zaburi 16:7, katika Zaburi 139:13, na katika Yeremia 17:10, ambapo Bwana anachunguza moyo na kupima kile kilichofichika zaidi ya moyo. Kwa Waebrania dhamiri ilikaa humo. Tunaomba msomaji akumbuke hilo tutakapofika Seattle.

Walutheri nao wana kisa chao. Februari 1537, wakuu na wanatheolojia wa upande wa matengenezo walipokutana Schmalkalden, Martin Luther alizibwa na mawe katika njia ya mkojo. Siku nyingi hakupata hata tone. Alivimba, akaaga, akawapa marafiki maneno ya mwisho kwa mke wake. Wakamweka garini aende kufia nyumbani, na barabara mbovu ya milimani ikamtikisa hadi usiku ule, walipofika Tambach, mkojo ukafunguka. Aliishi miaka 9 zaidi. Makala za imani tunazoziita za Schmalkalden ziliandikwa na mtu ambaye muda mfupi baadaye figo zake zilikaribia kumwua, na aliyemponya, kwa jinsi ya kibinadamu, ni mashimo ya barabarani. Sisi tunaopita barabara za vijijini wakati wa masika tunaruhusiwa kucheka kidogo.

Baada ya Luther zilipita karne tatu pasipo njia yoyote ya kumsaidia mgonjwa ambaye figo zake zimekufa kabisa. Njia haikuanzia kwa daktari. Thomas Graham, mkemia wa Scotland, alionyesha mwaka 1861 kwamba ukitenganisha vimiminika viwili kwa ngozi nyembamba, vitu vidogo kama chumvi na urea hupita upande wa pili na vitu vikubwa hubaki. Jambo hilo akaliita dayalisisi. Yeye alikuwa akishughulika na kemia. Mwaka 1913 John Abel na wenzake huko Baltimore, Marekani, waliipitisha damu ya mbwa katika mirija ya namna hiyo, na ili isigande walitumia dawa iliyokamuliwa kutoka vichwa vya ruba. Mwaka 1924 Georg Haas wa Giessen, Ujerumani, akajaribu kwa mwanadamu. Mirija yake ilikuwa midogo na dawa yake ya kuzuia kuganda ilikuwa mbaya, akaacha.

Basi tunafika Uholanzi. Mwaka 1938 daktari kijana jina lake Willem Kolff, aliyezaliwa Leiden mwaka 1911, alikuwa na wodi ndogo katika hospitali ya Groningen. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa kijana wa miaka 22, mwana wa mkulima, aliyekuwa akifa pole pole kwa figo. Kolff ndiye aliyepaswa kumwambia mama yake. Mama alikuja amevaa nguo nyeusi na kofia nyeupe ya wanawake wa mashambani, na daktari hakuwa na neno lolote la kumpa zaidi ya kwamba mwanawe wa pekee atakufa. Kila mchungaji amesimama mahali pale. Kolff alitoka pale na hesabu kichwani: kama kila siku ungeweza kuondoa gramu 20 za urea katika damu ya kijana huyu, angeishi. Tatizo limekuwa la kupimika.

Alikwenda kwa profesa wa kemia ya mwili, Robert Brinkman, naye akamwonyesha selofani, karatasi ile ile angavu inayofunga peremende, ambayo wakati huo ilitengenezwa pia kama maganda ya soseji. Kolff alijaza damu yenye urea katika ganda la soseji, akalitikisa ndani ya maji ya chumvi, na baada ya muda mfupi urea ilikuwa imehamia majini. Alichohitaji sasa kilikuwa chombo kikubwa cha kutosha mtu mzima.

Mei 1940 Wajerumani waliivamia Uholanzi. Profesa wa Kolff, Polak Daniels, Myahudi, alijiua pamoja na mke wake kabla hawajakamatwa. Aliyewekwa mahali pake alikuwa mfuasi wa Wanazi. Kolff hakukubali kufanya kazi chini yake, akahamia hospitali ndogo ya mji wa Kampen, kando ya mto IJssel. Wanatheolojia wanaujua Kampen kwa ajili ya chuo chake cha kuwaandaa wachungaji wa Kireformati. Historia ya tiba inaujua kwa ajili ya kiwanda cha sufuria.

Kiwanda hicho kilikuwa cha ukoo wa Berk na kilitengeneza vyombo vya enameli, vya aina ambayo wengi wetu tumekulia tukilia ubwabwa ndani yake. Mkurugenzi wake, Hendrik Berk, alikubali kumtengenezea daktari karai kubwa la enameli wakati ambapo vita vilikuwa vimemaliza chuma na aluminiamu. Juu ya karai likawekwa pipa la mbao linalozunguka, na kulizunguka pipa lilizungushwa ganda la soseji lenye urefu wa mita nyingi. Damu iliingia upande mmoja wa ganda, ikazama na kuibuka katika maji ya chumvi kila pipa lilipozunguka, ikatoka upande wa pili na kurudi kwa mgonjwa. Palikuwa na fumbo moja: utaunganishaje mrija uliotulia na pipa linalozunguka pasipo kuvuja damu? Jibu lilipatikana kwa wakala wa magari ya Ford mjini pale, katika namna pampu ya maji ya injini ilivyofungwa. Ruba nao hawakuhitajika tena, kwa kuwa ilikwisha kupatikana heparini.

Tuhesabu waliohusika. Mkemia wa Scotland aliyekwisha kufa zamani, mchinjaji na maganda yake, mtu wa sufuria, fundi wa magari, mauguzi waliokesha, na daktari mmoja mkaidi. Siku hizi vyuo vikuu vinayo jina la kitaalamu la kazi ya namna hiyo, uhandisi wa tiba, na mhandisi na daktari husoma darasa moja. Sisi tulifundishwa katika Katekisimo kuliita kwa jina la zamani zaidi, yaani wito: kwamba Mungu anapomlisha mtu humtumia mkulima na mwoka mikate, na mikono yao huwa kama kinyago ambacho yeye yuko nyuma yake. Fundi wa Ford hakujua kwamba anatengeneza figo. Wala hakuhitaji kujua.

Mgonjwa wa kwanza wa Kampen alilazwa kwenye mashine Machi 1943, mwanamke wa miaka 29. Alisafishwa mara 12. Kila mara ilibidi kutoboa au kukata mshipa mwingine, na mishipa ilipokwisha, akafa. Katika wagonjwa 15 wa miaka ile ya 1943 na 1944 mmoja tu ndiye aliyepona, na Kolff mwenyewe alikiri kwamba huenda huyo angepona hata bila mashine. Tunaomba washarika wapatafakari hapo kabla ya kuendelea. Wengi wa waliokufa walifika wakiwa mahututi, na mashine yenyewe ilikuwa ya hatari. Wapo waliomwona Kolff kuwa anawatesa wanaokufa. Kwa lugha ya vikao vyetu vya halmashauri, huo ulikuwa mradi usio na matunda.

Septemba 1945, vita vimekwisha, aliletwa mgonjwa anayehesabiwa kuwa wa 17. Alikuwa Sofia Schafstadt, mwanamke wa miaka 67, amepoteza fahamu. Alitolewa kizuizini, kwa maana alikuwa mmoja wa Waholanzi walioshirikiana na Wanazi. Watu wa Kampen walikuwa wametoka tu katika miaka mitano ya njaa, kukamatwa na kuuawa. Kolff mwenyewe wakati wa vita alikuwa amesaidia watu kujificha. Mjini pale walikuwapo wengi ambao wangefurahi bibi yule afe, na Kolff alilisema hilo waziwazi baadaye. Hata hivyo alimweka kwenye mashine saa zaidi ya 11. Bibi akafumbua macho. Inasimuliwa kwamba maneno yake ya kwanza kueleweka yalikuwa kwamba sasa atamwacha mumewe, ambaye alikuwa upande mwingine wa siasa, na kweli alimwacha. Aliishi hadi mwaka 1951, akafa kwa ugonjwa mwingine.

Basi mtu wa kwanza duniani ambaye uhai wake uliokolewa wazi na figo bandia hakuwa mtu mwema. Wahubiri wangependa awe yule kijana wa mkulima. Sisi tunaona ni vema haikuwa hivyo. Yesu katika Mathayo 5:45 anasema juu ya jua na mvua vinavyowafikia wabaya na wema pasipo kubagua, na tumezoea kulisoma neno hilo kama faraja kwa wakulima. Pale Kampen lilikuwa jambo la saa 11 na zaidi za kazi, karai la enameli na heparini iliyopatikana kwa shida, vyote vikitumika kwa ajili ya msaliti. Kolff hakuuliza bibi yule anastahili nini. Aliuliza figo zake zinaweza kuamka au haziwezi. Na vita vilipokwisha, mashine alizozitengeneza kwa siri alizigawa bure kwa hospitali za nchi nyingine, London, Montreal, New York na Poland, pamoja na michoro yake.

Mashine ya Kolff ilimfaa mgonjwa ambaye figo zake zingeamka baada ya wiki mbili au tatu. Aliyekufa figo kabisa alikuwa bado hana tumaini, kwa sababu ile ile ya yule mgonjwa wa kwanza: mishipa inakwisha. Hapo historia inavuka bahari kwenda Seattle, pwani ya magharibi ya Marekani.

Mapema mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Chuo Kikuu cha Washington alimsafisha damu mgonjwa mmoja, akamwona akiamka na kucheka na familia yake, kisha akagundua kwamba figo zake hazitarudi. Ikabidi kumrudisha nyumbani akafe. Jambo hilo halikumpa Scribner usingizi, na alisimulia kwamba aliamka katikati ya usiku akiwa na wazo kamili. (Zaburi 16:7, wapendwa: figo hufundisha usiku.) Wazo lilikuwa dogo. Badala ya kukata mshipa kila mara, weka mrija mmoja katika mshipa unaotoka moyoni na mwingine katika mshipa unaorudi, viache humo siku zote, na wakati mgonjwa hayuko kwenye mashine viunganishe kwa kipande kilichopinda ili damu ipite bila kusimama. Damu inayotembea haigandi kwa haraka. Daktari mwenzake wa upasuaji alimwambia habari za Teflon, ile inayozuia chakula kushika kwenye kikaango. Mhandisi wa hospitali, Wayne Quinton, alijifunza namna ya kuipinda. Machi 9, 1960 mrija uliwekwa katika mkono wa Clyde Shields, fundi mitambo wa kiwanda cha ndege cha Boeing, mwenye miaka 39. Alikuwa anakufa. Aliishi miaka 11, na kilichomwondoa mwaka 1971 kilikuwa moyo.

Kwa hiyo kipande cha plastiki kiliugeuza ugonjwa wa kufa kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Na siku ile ile lilizaliwa swali ambalo Kampen haikulijua. Januari 1962 kilifunguliwa Seattle kituo cha kwanza cha kusafishia damu wagonjwa wa kudumu nje ya hospitali. Kilianza na vitanda vitatu. Gharama ya mgonjwa mmoja ilizidi dola 10,000 kwa mwaka, fedha ambazo zamani zile zilinunua nyumba. Waliohitaji walikuwa wengi kuliko vitanda mara nyingi. Madaktari waliwapunguza kwanza kwa vipimo vya kitabibu, wakaweka kanuni kwamba watoto na wazee hawatapokelewa. Waliobaki bado walizidi vitanda. Madaktari wakasema: sasa jambo hili si la utabibu tena, wananchi waamue.

Ikaundwa kamati ya watu saba. Majina yao yalifichwa, na wagonjwa hawakuonana nao. Walikuwamo mwanasheria, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, daktari wa upasuaji, na mchungaji.

Novemba 1962 mwandishi Shana Alexander alieleza kazi yao katika gazeti la Life, na nchi nzima ikashtuka. Walipima umri, ndoa, idadi ya watoto, kipato, akiba, elimu, kazi, utulivu wa moyo, na mchango wa mtu katika jamii. Walijadili kama ni afadhali kumchukua mwenye watoto wengi au mwenye kisomo zaidi, na kama mjane kijana ataweza kuolewa tena. Na kuhudhuria kanisani kulihesabiwa. Mtu anayejitoa kanisani alionekana kuwa na tabia itakayostahimili matibabu.

Hatuwezi kusema watu wale walikuwa wabaya. Walifanya kazi hiyo bila malipo, na wengine iliwaumiza. Kama kitanda ni kimoja na wagonjwa wanne, watatu watakufa hata kama kamati ni ya malaika. Lakini tazama kilichowatokea wakati hawakuwa na kanuni iliyoandikwa: kila mmoja alichukua kipimo kilichokuwa karibu naye, na kilichokuwa karibu ni mtu anayefanana naye. Mwaka 1968 mwanasheria mmoja na daktari wa magonjwa ya akili waliandika kwa ukali kwamba kamati ile ilichagua watu wa tabaka la kati kwa mizani ya tabaka la kati, na kwamba mtu asiyefuata desturi za jirani zake afadhali asiugue figo katika mji ule. Mwanatheolojia Paul Ramsey, Mmethodisti, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1970. Alisema wote wanaofaa kitabibu wapigiwe kura ya bahati, au wapokelewe kwa zamu ya kufika, kwa sababu bahati inafanana zaidi na jua na mvua za Mathayo 5 kuliko hukumu zetu juu ya thamani ya watu. Wapo watakaoona aibu kuacha uhai kwa kura. Mitume walimpata Mathiya kwa kura, na hawakuona aibu.

Nasi kama Walutheri tungeuliza jambo la ziada. Tunafundisha Kipaimara kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake. Tunalikariri, tunaliimba, tunalihubiri kila tarehe 31 Oktoba. Mchungaji wa Seattle naye bila shaka alifundishwa neema. Kisha aliketi Alhamisi au Ijumaa na faili mbele yake, na ndani ya faili mlikuwa na mahudhurio ya ibada, na hayo yakawekwa mizanini upande wa uhai. Yakobo katika sura ya pili anamzungumzia mtu mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo chafu, nani akalishwe wapi. Kiti cha kanisani na kitanda cha mashine havitofautiani sana.

Namna kamati ile ilivyopungua nguvu inatufundisha zaidi kuliko namna ilivyoanza. Albert Babb alikuwa profesa wa uhandisi wa nyuklia katika chuo kile kile. Scribner alikuwa amemwomba msaada, naye pamoja na wanafunzi wake wakajenga mtambo wa kuchanganya maji ya dawa kwa wagonjwa kadhaa kwa wakati mmoja, mkubwa kiasi cha kuitwa "jini". Kisha binti wa rafiki wa Babb, mwanafunzi wa shule, alipata ugonjwa wa figo, na kamati haikumpokea. Babb hakuandika barua ya kulalamika. Alirudi karakana na watu wake, na katika miezi michache ya mwaka 1964 wakaufanya ule mtambo mkubwa uwe kabati dogo linaloweza kukaa nyumbani, lenye vipimo vinavyojisimamia usiku mgonjwa akiwa amelala. Mama yake binti alijifunza kuiendesha. Huko Boston na London wengine walikuwa wakipeleka mashine majumbani wakati huo huo. Mgonjwa wa nyumbani hakuhitaji kitanda cha kituo, na kwa hiyo hakuhitaji kupitishwa na watu saba.

Mengine twayapitia kwa haraka. Mwaka 1966 madaktari wa New York, Brescia na Cimino, walieleza njia ya kuunganisha mishipa miwili ya mkono chini ya ngozi, bila plastiki, na ndiyo wanayowekewa wengi wa washarika wetu. Ukigusa mkono wao utasikia mtetemo kama wa nyuki. Novemba 1971 mgonjwa mmoja, Shep Glazer, alisafishwa damu mbele ya wabunge wa Marekani mjini Washington. Oktoba 1972 ikapitishwa sheria kwamba karibu kila raia aliyekufa figo alipiwe na bima ya taifa. Kazi ya kuchagua ikaisha huko.

Kwetu haikuisha, ila imetawanyika. Hakuna kamati ya saba. Kuna kadi ya bima, ambayo huyu anayo na yule hana. Kuna umbali wa kutoka kijijini hadi mjini penye mashine. Kuna mtoto aliyeko ng'ambo anayeweza kutuma fedha. Bunge letu lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tunaiombea itimizwe, maana sheria ya mwaka 1972 ya wale wenzetu ndiyo iliyofunga mjadala wa nani anastahili, si mahubiri. Hadi hapo, kikapu cha mlangoni kinabaki, pamoja na ile karatasi ya ofisi ya usharika.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Familia ya mgonjwa ikiomba msaada wa diakonia, au barua ya utambulisho kwenda kwa wafadhili, mara nyingi huulizwa kama mgonjwa ni mshirika hai. Anashiriki Chakula cha Bwana? Ahadi yake ameimaliza? Jumuiya inamfahamu? Tunaelewa ilikotoka: fedha za usharika ni kidogo, na wapo wanaokumbuka kanisa siku ya shida tu. Lakini kwa mgonjwa wa figo swali hilo ni faili la Seattle lililopigwa muhuri wa usharika. Bibi wa Kampen asingevuka mstari wa kwanza. Pendekezo letu kwa halmashauri za sharika ni la kiofisi tu: kwa maombi ya matibabu, mstari huo ufutwe kwenye fomu, na mahali pake pawekwe mawili ambayo Kolff angeyauliza, daktari anasemaje, na kinachopungua ni shilingi ngapi. Wachache watatumia nafasi hiyo vibaya. Tumewahi kuvumilia mabaya makubwa zaidi katika michango ya harusi.

Na pendekezo la pili tunalitoa kwa Babb. Hospitali za KKKT ni zaidi ya 20. Nani kati yetu hajaona katika stoo ya hospitali mashine ya msaada, nzima kwa macho, iliyosimama kwa kukosa kipuri kimoja au fundi mmoja? Kusafisha damu mara moja huchukua kama saa nne na lita 120 za maji yaliyochujwa kuliko maji ya kunywa. Kwa mgonjwa mmoja ni lita 360 kwa wiki. Penye umeme wa kukatika na maji ya chumvi, daktari bingwa peke yake hafui dafu. Anahitaji fundi wa vifaa tiba aliyesoma. Wanafundishwa hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na Muhimbili. Sharika zetu zina mifuko ya kuwasomesha vijana wa uchungaji na uinjilisti, na ni vema. Katika matangazo ya mwaka mzima hatujasikia mfuko wa kumsomesha kijana wa kutengeneza mashine. Kamati za elimu zinapokaa mwezi Januari kupanga karo, kijana huyo awe kwenye orodha, na asiulizwe kwanza kama anaimba kwaya.